Ujira wa Dalali: Patana Kabla Mteja Hajabisha Hodi

Siku ya kuuza nyumba ya marehemu baba, Kimara, dalali alituomba jambo moja tu: tukifika kwa wakili, tusizungumze na mteja. "Huyu ni mtu wa hasira," alisema, "mkianza kumhojihoji ataondoka na hela zake." Tukamwamini. Mama, aliyekuwa msimamizi wa mirathi, akakaa nasi kwenye benchi la upande huu. Mteja na mkewe wakakaa upande ule. Dalali katikati, akienda na kurudi kama mshenga. Mke wa mteja ndiye aliyevunja mwiko. Alimwinamia mama, akampa pole ya msiba, kisha akasema taratibu, "Ila mama, mia na thelathini mmetukamua kweli."

Mama akanigeukia. Sisi tulikuwa tunauza kwa milioni 110.

Tulipomvuta dalali nje hakukataa wala hakuona haya. "Hicho ni cha juu, mama. Si mlisema mnataka mia na kumi mkononi?" Na kweli tulisema hivyo, kwa maneno hayohayo. Hatukuwa na mkataba wa maandishi naye, na kwa lugha ya madalali, mwenye nyumba anayesema "nataka kiasi fulani mkononi" amekwisha kutoa ruhusa: kitakachozidi hapo ni chako. Juu ya hiyo milioni 20 alikuwa pia anatudai asilimia 5 ya milioni 110, yaani milioni 5 na nusu, tuliyomwahidi kwa mdomo.

Mwongozo huu umetokana na benchi lile. Ni kwa yeyote anayeuza nyumba Dar es Salaam au mji mwingine wa Tanzania kupitia dalali. Hauna nia ya kumpiga vita dalali, kwa sababu dalali mzuri anaijua barabara iendayo kwa mteja kuliko wewe. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia neno dalili: dalali ni mtu wa kuonyesha njia. Kazi yako ni kuhakikisha na wewe unaonyeshwa.

Jua anakula wapi

Dalali wa nyumba hulipwa kwa moja ya njia tatu.

Ya kwanza ni asilimia ya bei. Nyumba ikiuzwa kwa milioni 120 kwa asilimia 5, chake ni milioni 6. Ya pili ni kiasi kilichotajwa tangu mwanzo: "Ukiniletea mnunuzi akalipa, milioni 4 ni zako," bei iwe yoyote. Ya tatu ni cha juu: wewe unataja yako, yeye anaongeza yake, na tofauti inaingia mfukoni mwake.

Mbili za kwanza unaziona na unaweza kuzibishia. Ya tatu huioni, na ndiyo kubwa. Watu hubishana na dalali nusu siku ili ashuke kutoka asilimia 5 hadi 4, wakaokoa milioni moja na ushee, huku cha juu cha milioni 20 kikipita mlango wa nyuma. Kwa hiyo anza na cha juu kabla hujagusa asilimia.

Dawa yake ya kwanza ni kuacha kabisa neno "mkononi". Taja bei ya kuuzia, si kiasi unachotaka kubaki nacho. Sema: "Nyumba inauzwa milioni 130, bei ya mwisho naikubali mimi, na ujira wako unatoka humo." Dawa ya pili ni kuijua bei ya nyumba yako kabla hujaambiwa na mtu mwenye faida yake. Mthamini aliyesajiliwa atakupa thamani ya soko kwa maandishi. Ripoti hiyo ina gharama, lakini uthamini utahitajika hata hivyo wakati wa kuhamisha hati, kwani serikali hutoza kwa kuangalia thamani iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu. Basi muulize mthamini mapema kama ripoti yake itafaa kwa kazi zote mbili.

Dawa ya tatu haina gharama. Wiki moja baada ya kumpa dalali kazi, mwombe shangazi au rafiki mwenye namba ya simu ambayo dalali haijui ampigie kama mteja na kuulizia nyumba. Bei atakayotajiwa ndiyo bei halisi iliyopo sokoni. Ikiwa umetaja 130 na shangazi ameambiwa 155, umeshajua wateja wanakimbia kwa sababu gani.

Asilimia ngapi?

Tanzania hakuna sheria inayopanga kiwango cha ujira wa dalali wa nyumba. Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Majengo, Sura ya 533, na bodi inayosajili mawakala. Kwetu, kinachokubana wewe na dalali ni makubaliano yenu pamoja na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Maana yake ni kwamba kila kiwango unachotajiwa kinazungumzika.

Mtaani mara nyingi utaanza kusikia asilimia 10, hasa kwa viwanja na nyumba za bei ya chini. Kampuni zenye ofisi na leseni huzungumzia zaidi kati ya 3 na 5. Kadiri bei ya nyumba inavyopanda, ndivyo asilimia inavyotakiwa kushuka, kwa sababu kumwonyesha mteja nyumba ya milioni 400 hakuchoshi mara nne zaidi ya kumwonyesha ya milioni 100.

Ukipewa asilimia na kampuni, uliza mara moja: VAT imo au haimo? Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT, kwa kiwango cha kawaida, hutoza asilimia 18 juu ya ujira. Milioni 6 inageuka milioni 7 na elfu 80, na hiyo elfu 80 na milioni yake hukuipangia.

Sasa kuna hesabu moja ambayo wauzaji wengi hawaifanyi. Chukua asilimia 5. Dalali akihangaika wiki tatu kukupandishia bei kwa milioni 2, yeye anapata nyongeza ya shilingi 100,000 tu. Akikushawishi ushuke kwa milioni 5 ili mteja aliyepo alipe leo, anapoteza 250,000 lakini anaondoka na milioni zake jioni hii. Ndiyo maana unasikia "bosi, shusha kidogo tumalize." Hakuchukii. Hesabu yake ndiyo inayomwelekeza huko.

Ukitaka akupiganie bei, ifanye hesabu hiyo imfae na yeye. Weka cha juu cha wazi: asilimia 4 hadi milioni 110, na asilimia 20 ya kila shilingi itakayozidi hapo. Nyumba ikienda kwa 125, atapata milioni 4 na laki 4, na milioni 3 juu yake. Jumla milioni 7 na laki 4. Ni ujira mnono, naye ataufanyia kazi. Lakini umeuona, umeukubali, na milioni 12 zilizobaki za ile ziada ni zako.

Nani analipa, na analipa mara ngapi

Kwenye kupanga, mpangaji ndiye humlipa dalali, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Kwenye kuuza, mzigo huwa wa muuzaji. Mazoea haya mawili yakichanganyika, dalali hula kotekote: asilimia kwako, na "ya usumbufu" kwa mnunuzi. Mnunuzi naye si mjinga. Chochote atakachomlipa dalali wako atakitoa kwenye bei anayokupa wewe.

Hali ni hiyohiyo kwa hela ya kuonyesha nyumba. Wateja hutozwa kiasi fulani ili wapelekwe kuangalia, wakati mwingine hata kabla hawajaona picha nzuri. Kama hutaki mteja wako alipie kubisha hodi, liseme hilo mwanzoni na liandike. Sheria ya Mikataba inakuunga mkono hapa: wakala anayejifanyia biashara yake ndani ya kazi uliyomtuma, bila wewe kujua, unaweza kumdai faida aliyoipata. Sheria hiyohiyo inamnyima ujira kwa sehemu ya kazi aliyoifanya kwa utovu wa uaminifu.

Ujira unaiva lini

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Dalali husema kazi yake ni kuleta mteja. Mteja akishakubali bei, yeye kamaliza. Wewe unasema kazi ni kuuza. Kisheria, kama hamkupatana vinginevyo, malipo ya wakala hayaivi mpaka kazi aliyotumwa ikamilike. Lakini kazi hiyo ni ipi? Iandike: ujira unaiva fedha za mnunuzi zinapoingia kwenye akaunti ya muuzaji.

Wanunuzi wengi hulipa kwa awamu: theluthi siku ya kusaini, nyingine baada ya miezi mitatu, ya mwisho hati ikihama. Dalali hutaka chake chote siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo ndiyo pesa inaonekana. Ukikubali, umemlipa kwa pesa ambazo bado hujazipata. Mlipe kwa mwendo wa mnunuzi. Kwenye nyumba ya milioni 120 kwa asilimia 5, mnunuzi akilipa milioni 40, dalali apate milioni 2, basi. Utashangaa jinsi atakavyokuwa mtu wa kwanza kumkumbusha mnunuzi awamu ya pili.

Patana pia juu ya mauzo yanayovunjika. Mnunuzi akiacha malipo njiani na mkataba wenu ukakuruhusu kubaki na sehemu ya fedha zake, dalali ana haki gani kwenye hizo? Na wewe mwenyewe ukibadili mawazo baada ya dalali kuleta mteja aliyekubali bei yako, si haki aondoke mikono mitupu. Weka kiasi cha kumfuta jasho.

Dalali mmoja, au kila mwenye simu?

Ukimpa nyumba kila dalali wa mtaa, utadhani umepanua soko. Kinachotokea ni kwamba picha zako zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na bei tano tofauti, na mnunuzi anayeiona nyumba moja kwa bei tano huamini ina kasoro. Siku ya malipo wanakuja wanne: aliyeweka picha, aliyempokea mteja kituoni, aliyepigiwa simu na mwenzake wa Mbezi, na kijana wa bodaboda aliyeonyesha geti. Kila mmoja anasema mteja ni wake.

Njia iliyo nyepesi ni kumpa dalali mmoja peke yake kwa siku 60 au 90. Yeye akitumia wenzake, agawane nao ujira uleule. Wewe humjui mwingine. Bakiza mlango mmoja wa kwako: kwa mnunuzi utakayempata mwenyewe, ndugu au jirani, dalali hana ujira, au ana nusu, mkikubaliana hivyo. Naye dalali mpe ulinzi wake. Mteja aliyemleta ndani ya muda, akirudi kununua ndani ya miezi mitatu baada ya mkataba kwisha, ujira unalipwa. Bila kipengele hicho kuna wauzaji wanaosubiri siku ya 91 ili wamzunguke, na dalali mwenye akili akilihisi hilo hataleta mteja wake mzuri.

Ukiamua kutumia madalali wengi, weka daftari getini. Tarehe, jina la mteja, namba yake ya simu, jina la dalali aliyekuja naye, sahihi. Siku ya ubishi unafungua ukurasa tu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Risiti ni pesa

Wauzaji wengi humlipa dalali taslimu, wakapeana mikono, yakaisha. Kwa kufanya hivyo wanaweza kuwa wanajiongezea kodi.

Mkazi wa Tanzania anayeuza nyumba kwa faida hutozwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, nayo hulipwa kabla hati haijahama. Nyumba ya kuishi ambayo umeimiliki na kuishi humo kwa miaka mitatu au zaidi inasamehewa, alimradi faida haizidi milioni 15. Kwa wengine, faida hupatikana kwa kutoa gharama kwenye bei, na sheria ya kodi ya mapato inatambua ujira wa wakala na dalali, matangazo, wakili na mthamini kuwa miongoni mwa gharama hizo. Faida yako ikiwa milioni 40 na umemlipa dalali milioni 6 kwa risiti, unatozwa kwenye milioni 34. Risiti imekuokolea shilingi 600,000. Bila ushahidi, milioni 6 hizo ni stori tu.

Hapa cha juu kinaonyesha jino lake la pili. Bei inayoandikwa kwenye mkataba wa mauziano nayo itaangaliwa na mamlaka ya kodi. Mnunuzi analipa milioni 130, mkataba unasema 130, wewe umeshika 110. Kodi ya ile milioni 20 ya dalali, yaani milioni 2, itakuwa juu yako. Na ukisikia pendekezo la mikataba miwili, mmoja wa mnunuzi na mmoja wa kwako, simama uondoke. Huo si ujanja wa mjini, ni udanganyifu, na sahihi yako itakuwa humo.

Kazi zisizo za dalali

Ujira wa dalali haununui sheria. Ajiri wakili wako mwenyewe, si yule "wetu sote" aliyeletwa na dalali. Wakili wako ndiye atakayeandaa fomu za uhamisho na kusimamia ridhaa ya mwenza; nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja peke yake, na ahadi ya dalali kwamba "hiyo tutaimaliza" huja kuamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba.

Kama nyumba iko eneo lisilopimwa na mauziano yanashuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa, dalali anaweza kukutajia asilimia ya ofisi pia. Omba uonyeshwe sheria ndogo inayoiruhusu, na lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali tu. Inayoombwa pembeni, isiyo na stakabadhi, si ada.

Wewe uliyeko Muscat au London na nyumba yako iko Mbagala, hati ya uwakilishi mpe ndugu unayemwamini au wakili. Usimpe dalali. Mtu hawezi kuwa mtafutaji wa bei na papo hapo mwenye kuikubali kwa jina lako.

Maneno ya kuandika

Ukurasa mmoja unatosha, wenye sahihi mbili na shahidi. Maneno yawe kama haya:

"Muuzaji amempa Dalali kazi ya kutafuta mnunuzi wa nyumba iliyotajwa hapo juu kwa siku 90. Bei ya kutangazwa ni shilingi 130,000,000, na haitabadilishwa bila idhini ya maandishi ya Muuzaji. Ujira ni asilimia 5 ya bei iliyomo kwenye mkataba wa mauziano, VAT ikiwamo kama ipo. Ujira utalipwa kwa uwiano wa kila awamu ya mnunuzi, ndani ya siku 3 tangu fedha ziingie kwenye akaunti ya Muuzaji, kwa risiti. Dalali hatapokea fedha za ununuzi, wala malipo mengine yoyote kutoka kwa mnunuzi. Dalali akitumia madalali wengine, atawalipa kutoka kwenye ujira wake."

Juu ya hayo andika majina kamili, namba za vitambulisho vya taifa, namba ya mlipakodi ya dalali, na leseni yake ya biashara kama anayo. Atakayeyakataa maneno haya yote hajakudharau. Amekuambia mapema anakokula.

Siku yenyewe

Turudi Kimara kidogo. Mauzo yetu hayakuvunjika. Rasimu ya mkataba ilikuwa na nafasi ya bei iliyoachwa wazi, "tutajaza". Mama akaomba kalamu na kujaza mwenyewe, 130. Dalali alinuna, tukaelewana naye palepale, mbele ya wakili, kwa milioni 8. Zilikuwa nyingi kuliko tulizomwahidi, chache kuliko alizozipanga, na safari hii ziliandikwa.

Siku yako ikifika, usikubali kutengwa na mtu anayenunua nyumba yako. Kaa naye benchi moja. Msalimie, muulize watoto, kisha taja bei kwa sauti ambayo kila aliyemo chumbani anaisikia. Kama nyuso zote zimetulia, sainini.